Tusimvunjie Heshima Bibi Maryam kwa Kudhani Tunaitetea Dini

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), aliyemuumba Adam (A.S.) bila ya baba wala mama, na akamuumba Isa (A.S.) kwa mama pasipo baba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote.

Ijumaa moja ya mwezi wa Oktoba, baada ya swala, mama mmoja alibaki upande wa wanawake wa msikiti wetu hapa Kidahwe, akamtuma mtoto kuomba aonane na kamati. Tulidhani analo jambo la mirathi au la ada ya madrasa, kwa kuwa hayo ndiyo yanayojaa mezani petu. Kumbe alikuwa na swali moja tu, nasi tuliliandika juu kabisa ya muhtasari wa kikao kile kwa maneno yake mwenyewe: "Masheikh, mwanangu amemkosea bibi yake, au amemkosea Mwenyezi Mungu?"

Kisa chenyewe ni hiki. Mama huyu alizaliwa na kulelewa katika nyumba ya Kikatoliki. Alisilimu akiwa msichana mkubwa, akaolewa na kijana wa hapa, na Allah akawaruzuku watoto. Mama yake mzazi amebaki katika dini yake, lakini hakuwahi kukata mguu kwa bintiye. Kila Idi hufika na kidumu cha mawese, na kila anapozaliwa mjukuu hukaa naye siku arobaini akimkanda mzazi kwa maji ya moto.

Jioni moja mjukuu wake wa kiume, kijana wa miaka 15, mwanafunzi wa sekondari na mmoja wa vijana wetu wa madrasa, alitumwa kumpelekea bibi migebuka. Alimkuta na wenzake wa jumuiya wakisali rozari, kwani Oktoba kwa Wakatoliki ni mwezi wa rozari. Baada ya sala yao, kijana akaanza kubishana na binamu zake juu ya sanamu na juu ya Bikira Maria. Mabishano yalipopamba moto na hoja zikamwishia, alitamka neno juu ya Bibi Maryam na namna alivyoipata mimba yake, neno ambalo hatuwezi kuliandika katika gazeti linalosomwa na familia. Bibi yake hakumjibu. Alikunja rozari yake akaingia ndani. Tangu jioni ile hakukanyaga tena kwa bintiye, na bintiye alikuwa na mimba ya miezi minane.

Kikao kiligawanyika

Hatuna sababu ya kuficha kwamba kamati iligawanyika. Mzee mmoja, mtu wa swala na mwenye hekima, alisema kijana asionewe. Alikuwa peke yake katikati ya watu, akiitetea tauhidi, na ulimi wa kijana huteleza. Mzee alihofu kwamba tukimwambia aombe radhi, vijana wengine wataona kuwa msikiti umewapa Wakristo haki katika suala la sanamu. Mwingine akajibu kwamba suala si sanamu, ni heshima ya bibi kizee. Tulizunguka hapo kwa muda mrefu, kwa kuwa wote wawili waliliona jambo hili kuwa ugomvi kati ya dini yetu na dini yao.

Imamu ndiye aliyetutoa. Alimwita kijana, akamtaka asome Surat Maryam kuanzia aya ya 16 hadi ya 34. Kijana alisoma kwa hifdhi, bila kosa, kwa sauti iliyotutuliza sote. Kisha imamu akamuuliza: "Katika hizo ulizosoma, wale watu waliomjia Maryam alipombeba mwanawe walimwambia nini?"

Kijana akanyamaza. Hakujua. Mara nyingi alikuwa ameyasoma maneno ya watu waliomtuhumu Bibi Maryam, na jibu la mtoto mchanga lililomtakasa mama yake, asijue kwamba jioni ile kwa bibi yake yeye mwenyewe alisimama upande wa waliotuhumu.

Hapo jibu la swali la mama likapatikana. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 156, Qur'an inawataja watu waliomsingizia Maryam, na inauita usingiziaji huo kuwa uzushi mkubwa, ikiuhesabu pamoja na ukafiri. Katika Surat An-Nur, aya ya 4, mwenye kumtuhumu mwanamke mtwaharifu bila ya kuleta mashahidi wanne ameandikiwa viboko 80, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Ikiwa hiyo ndiyo hifadhi ya heshima ya mwanamke yeyote, itakuwaje kwa yule ambaye Allah amesema kwamba alimteua na kumtakasa? Basi kijana alimkosea Mola wake kwanza, na katika kosa hilohilo akamkosea bibi yake. Yule mzee aliyemtetea alikuwa wa kwanza kusema, "Subhanallah," na akaondoa hoja yake.

Kosa la pili lilikuwa letu sisi tunaosimamia madrasa. Tumemfundisha mtoto kuhifadhi sura nzima yenye jina la mwanamke huyu, tusimfundishe habari yake. Alipohitaji maneno, aliyaokota kijiweni. Makala haya yanatokana na kikao kile, kwa kuwa tunaamini kwamba si Kidahwe peke yake ambako wazazi wanaulizwa na watoto: Hawa Wakatoliki wanaamini nini hasa, na sisi tunaamini nini?

Wakatoliki wanaamini nini?

Yapo mambo manne ambayo watu wetu wengi huyachanganya na kuyafanya moja, na si ajabu kumkuta Mkristo naye akiyachanganya. Ni vyema tuyatenganishe.

La kwanza ni kuzaliwa kwa Yesu na mama bikira. Msingi wao ni sura za mwanzo za Injili ya Mathayo na ya Luka, zinazosema kwamba Maria alikuwa ameposwa na Yosefu, na kabla hawajakaa pamoja akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu, baada ya malaika Gabrieli kumletea habari. Itikadi hii imo katika kanuni ya imani wanayoikiri kanisani, iliyokamilishwa katika mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381.

Tuwe waangalifu hapa. Baadhi yetu huwauliza Wakatoliki kwa kejeli kama Mungu alioa. Kanisa Katoliki halifundishi hivyo, na Mkatoliki anayeijua dini yake huona kufuru katika swali hilo kama tunavyoona sisi. Wao wanasema hapakuwa na mume wala tendo lolote la kimwili. Sisi tunakataa kwamba Isa ni mwana wa Mungu, na tutaendelea kukataa, lakini uadilifu unatutaka tukatae wanalosema, tusiwazulie wasilolisema ili tupate wepesi wa kulikataa.

La pili ni ubikira wa daima. Wakatoliki wanaamini kwamba Maria alikuwa bikira kabla ya kuzaa, wakati wa kuzaa na baada ya kuzaa hadi mwisho wa maisha yake. Sinodi iliyokutana Roma katika Laterano mwaka 649 ilitamka hivyo. Wakiulizwa juu ya ndugu wa Yesu waliotajwa katika Injili ya Marko, sura ya 6, hujibu kwamba hao ni jamaa zake wa karibu, si watoto wa tumbo la Maria. Jibu hili si geni kwa masikio yetu. Katika Kiswahili, na katika desturi za watu wetu wa Kigoma, mtoto wa baba mkubwa na wa mama mdogo huitwa ndugu bila ya kuulizwa tumbo. Waprotestanti wengi wa leo hawakubaliani na Wakatoliki katika hili, na husema kwamba Maria alizaa watoto wengine na Yosefu.

La tatu ndilo linalochanganywa zaidi, nalo ni Kukingiwa Dhambi ya Asili. Wengi wakisikia sikukuu ya tarehe 8 Desemba hudhani inahusu mimba ya Yesu. Sivyo. Inahusu mimba ya Maria mwenyewe katika tumbo la mama yake. Wakatoliki wanaamini kwamba Maria alipata baba na mama kama watu wote, lakini tangu nukta ya kwanza ya uhai wake alikingwa na dhambi inayorithiwa kutoka kwa Adam. Papa Pio wa 9 ndiye aliyelitangaza jambo hili kuwa itikadi ya lazima tarehe 8 Desemba 1854, baada ya karne nyingi za mjadala baina ya wanazuoni wao wenyewe.

La nne ni jina la Mama wa Mungu. Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ulilithibitisha jina hilo. Kwa maelezo yao hawana maana kwamba Maria ni asili ya Mungu au kwamba alimtangulia Mungu. Wana maana kwamba aliyemzaa ni Yesu, na Yesu kwao ni Mungu. Vilevile husema kwamba kumwabudu Mungu ni jambo moja na kumheshimu Maria ni jambo jingine, na kwamba rozari ni kumwomba awaombee, si kumwabudu yeye. Tumeyaeleza kama wanavyoyaeleza wao. Hukumu yetu juu yake inafuata.

Pale tunapokutana

Ndugu msomaji, katika jambo la kwanza kati ya manne hayo, Mwislamu hana ugomvi na Mkatoliki juu ya tukio lenyewe. Maryam alikuwa bikira, hakuguswa na mwanamume, na akamzaa Isa kwa amri ya Allah. Mwislamu anayelikana hilo ameikana Qur'an.

Jina la Maryam limetajwa katika Qur'an mara 34, na yeye ndiye mwanamke pekee aliyetajwa humo kwa jina lake. Sura ya 19, yenye aya 98, imepewa jina lake. Katika Surat Aal Imran, kuanzia aya ya 35, tunasoma habari ya mama yake, mke wa Imran, aliyeiweka nadhiri mimba yake kwa Allah, akajifungua mtoto wa kike, akamwombea yeye na kizazi chake kinga dhidi ya shetani. Tunasoma jinsi Zakariya (A.S.) alivyokuwa mlezi wake, na kila alipoingia mihrabuni alimkuta na riziki asiyojua imetoka wapi. Kisha ikaja bishara ya mtoto. Maryam akauliza atapataje mtoto ilhali hakuguswa na mtu, akajibiwa kwamba Allah huumba atakacho, na akitaka jambo huliambia tu liwe, nalo likawa.

Surat Maryam inatupeleka mahali ambapo Injili hazikufika. Inatuonesha Maryam peke yake, uchungu umemleta kwenye shina la mtende, akitamani lau angekufa kabla ya siku ile. Watoto wetu wa Kigoma wakisikia habari hii huwaza mchikichi, na hakuna ubaya, almuradi waone kwamba Mola wao hakumwacha mwanamke yule katika uchungu wake. Aliambiwa asihuzunike, akaoneshwa maji chini yake, akaambiwa atikise shina zimwangukie tende mbivu. Ni mama gani aliyejifungulia mbali na kwao asiyeielewa rehema hiyo?

Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba hakuna mtoto anayezaliwa ila shetani humgusa akalia, isipokuwa Maryam na mwanawe. Mtu anaweza kudhani kwamba hili na lile la tarehe 8 Desemba ni jambo moja, lakini mizizi yake ni tofauti. Kwetu ni jibu la dua ya mama yake Maryam. Haina uhusiano na dhambi ya kurithi, kwani Adam (A.S.) alitubia na Allah akapokea toba yake, na hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Kila mtoto huzaliwa katika fitra.

Heshima hii tunayompa Bibi Maryam ndiyo iliyowapatia Waislamu wa mwanzo hifadhi. Makureshi walipowatesa, kundi la Waislamu lilihamia Uhabeshi, nchi iliyo upande huu wetu wa Afrika. Makureshi wakatuma wajumbe kwa Najashi, mfalme Mkristo, wakitaka wakimbizi warudishwe. Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alitakiwa asome kitu katika aliyoteremshiwa Mtume, naye alisoma mwanzo wa Surat Maryam. Najashi alilia mpaka ndevu zake zikalowa, akakataa kuwatoa. Jaafar hakuficha itikadi yake. Alipoulizwa juu ya Isa alisema wazi kwamba ni mja wa Allah na Mtume wake. Ukweli na adabu vilikaa katika ulimi mmoja. Sisi wa mkoa huu, ambao kwa miaka mingi tumeona wakimbizi wa Burundi na Kongo wakipita njia hii ya kwenda Kasulu, twapaswa kukielewa kisa hicho kuliko wengi.

Pale tunapoachana

Baada ya kukutana huko, njia zinaachana, na mzazi asimfiche mtoto hilo kwa jina la ujirani mwema.

Kwao, kuzaliwa bila baba ni alama kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Kwetu ni dalili ya uwezo wa Muumba. Surat Aal Imran, aya ya 59, inatukumbusha mfano wa Adam, aliyeumbwa kwa udongo, hana baba wala mama, na hakuna anayemwita mwana wa Mungu kwa sababu hiyo. Surat Al-Maida, aya ya 75, inasema kwamba Masihi ni Mtume tu, na mama yake ni mkweli mno, na wote wawili walikuwa wakila chakula. Anayehitaji chakula ni kiumbe. Kwa hiyo hatumwiti Maryam Mama wa Mungu, wala hatumwombi yeye wala mwingine yeyote aliyetangulia mbele ya haki. Dua ni ibada, na ibada ni ya Allah peke yake. Maelezo yao kwamba wanamheshimu bila ya kumwabudu tumeyasikia, lakini hatuwezi kuyafuata.

Kuhusu ubikira wa daima, Qur'an inashuhudia kwamba Maryam aliilinda nafsi yake na kwamba alimpata Isa bila ya kuguswa. Haikueleza kama aliolewa baadaye. Basi Mwislamu hana haja ya kujitosa katika ubishi wa Wakatoliki na Waprotestanti juu ya ndugu wa Yesu, na hasa asilitumie jambo hilo kumcheka mmoja kwa ulimi wa mwingine.

Vijana wetu hukutana pia na swali jingine shuleni: kwa nini Qur'an imemwita Maryam dada wa Harun, na hali Harun ndugu wa Musa aliishi zama za mbali kabla yake? Swali hili ni la kale. Wakristo wa Najran walimuuliza Mughira bin Shu'ba (R.A.), naye akamfikishia Mtume (S.A.W.). Jibu limo katika Sahihi Muslim: watu wa wakati ule walikuwa wakipeana majina ya mitume na watu wema waliowatangulia. Mtoto anayelijua jibu hili hatahitaji kukasirika.

Pwani yetu na historia yake

Jirani zetu Wakatoliki hawakuanza jana katika pwani hii. Ujiji ilikuwa mji wa biashara na wa Waislamu pale mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama Mapadre Weupe, walipofika mwanzoni mwa mwaka 1879. Shirika hilo lilianzishwa Algeria mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, na likawekwa chini ya jina la Bikira Maria, Mama wa Afrika. Kwa kuwa lilizaliwa kati ya Waislamu, Lavigerie aliwavisha mapadre wake mavazi ya Waislamu wa Algeria: kanzu nyeupe, joho jeupe na kofia nyekundu, na rozari ikining'inia shingoni mithili ya tasbihi. Katika kanisa lao kubwa mjini Algiers yapo maandishi ukutani yanayomwomba Maria awaombee wao na awaombee Waislamu.

Hatuyataji haya kwa kuyasifu. Walikuja kuwabadilisha watu dini, na babu zetu walilijua hilo. Tunayataja ili msomaji aone kwamba jina la Maryam limekuwa mlangoni petu kwa karibu karne moja na nusu, wakati mwingine likiwa daraja na wakati mwingine ugomvi. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko juu ya dini nyingine, na ndani yake Kanisa Katoliki lilikiri rasmi kwamba Waislamu, ingawa hawamkubali Yesu kuwa Mungu, wanamheshimu kama nabii na wanamheshimu mama yake bikira. Upande wetu, tangu miaka ya 1980 ilienea nchini mihadhara ya mlingano wa dini, na kitabu cha masheikh Ngariba na Kawemba, Uislamu Katika Biblia, kikasomwa sana. Mihadhara ile iliwafundisha Waislamu wengi kuisoma Biblia na kujibu hoja kwa hoja. Lakini walikuwapo pia wasikilizaji walioondoka uwanjani na kejeli tu, wakaiacha elimu palepale, na kejeli hizo ndizo zilizomfikia kijana wetu.

Wajibu wa wazazi

Kwanza, tuwafundishe watoto maana pamoja na hifdhi. Kamati yetu imeamua kwamba katika madrasa ya Kidahwe, mtoto akifika Surat Maryam asipite kabla hajaweza kuisimulia habari ya Bibi Maryam kwa Kiswahili. Tafsiri zipo. Ile ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy iliyotoka kamili mwaka 1969 na ile ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani zinapatikana, na baba au mama anaweza kusoma kurasa mbili baada ya Magharibi bila ya kumngoja ustadhi.

Pili, tuwafundishe tofauti ya kukataa na kutukana. Surat Al-An'am, aya ya 108, inatukataza kuwatukana wale wanaoombwa na wengine kinyume cha Allah, wasije nao wakamtukana Allah kwa uadui bila ya kujua. Na Surat Al-Ankabut, aya ya 46, inatutaka tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora. Kwa Bibi Maryam katazo ni kubwa zaidi, kwani yeye ni wetu. Anayemtukana ili amuumize Mkatoliki amejichoma mwenyewe kabla hajamfikia jirani.

Tatu, familia zenye wakwe na mabibi wa dini nyingine, nazo ni nyingi katika mkoa huu, zisiwafanye watoto kuwa wapiganaji wa mabishano ya watu wazima. Surat Luqman, aya ya 15, inamwelekeza Mwislamu ambaye wazazi wake wanamsukuma katika ushirikina asiwatii katika hilo, na hapohapo akae nao kwa wema duniani. Bibi ana haki ya mzazi. Mtoto asishiriki rozari yake, lakini amsalimie, ampelekee samaki, amchotee maji, na akingoje kibaraza sala yao iishe bila ya kununa.

Kilichofuata

Kijana hakulazimishwa. Alipoelezwa maana ya aya alizozisoma, yeye mwenyewe aliomba apelekwe. Jumapili ile jioni alikwenda na mama yake, na wawili wetu tukafuatana nao. Aliketi chini mbele ya bibi yake akasema: "Bibi, nisamehe. Nimesema uongo juu ya Bibi Maryam, na Kitabu chetu kinaulaani uongo huo. Wewe na mimi hatukubaliani juu ya mwanawe, lakini juu ya usafi wake tunakubaliana, nami nilisahau."

Bibi yule alikaa kimya kwa muda. Kisha hakumjibu mjukuu, alituuliza sisi: "Kumbe yumo katika kitabu chenu?" Tukamwambia yumo, na sura yake ipo. Akauliza kama mama yake naye yumo. Tukamwambia Qur'an inamtaja kuwa ni mke wa Imran, na wanazuoni wetu wanamwita Hanna. Akatikisa kichwa, akasema kwao ni Anna. Akamtaka kijana asome, na alipomaliza Kiarabu akamwambia: "Sasa nisomee nielewe." Kijana akashindwa. Akaahidi kurudi na tafsiri.

Alirudi Jumapili iliyofuata na tafsiri ya msikiti, akamsomea mpaka penye mtende. Bibi alikuwa na maswali, na mengine hawakukubaliana hata kidogo. Alisema wazi kwamba Yesu wake habadiliki kwa sababu ya kitabu cha mjukuu. Kijana naye alisema wazi lililo la haki kwa upole. Hakuna aliyeingia ndani kwa hasira.

Mtoto alizaliwa salama mwishoni mwa Novemba. Siku ya saba tulichinja akika, na bibi alikuwapo jikoni tangu alfajiri, akitia kuni chini ya sufuria la maji ya kumkanda binti yake. Hakusilimu, na hatukumwambia lolote siku ile. Dua yetu kwake tunaiomba kwa Allah, naye ndiye mwenye kuongoza amtakaye.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie ndimi zinazosema haki bila ya kudhulumu, na watoto wanaokijua wanachokisoma, na atufufue pamoja na waja wake aliowateua, akiwemo Bibi Maryam mwana wa Imran. Wallahu aalam.